Kwadi ya otomatiki inapiga resi lakini haiendi: anza na mkanda kabla ya kulaumu giaboksi

Mwenye kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) akifika kwa fundi, maneno yake ya kwanza huwa hayo hayo: "Fundi, giaboksi imekufa." Tukifungua, mara nyingi giaboksi ni nzima. Kilichokufa ni mkanda wa mpira ulio pembeni ya injini, ndani ya kasha la plastiki, au kitu kidogo kinachouhudumia: paipu ya hewa iliyoziba, springi iliyochoka, maji kiasi cha kikombe. Giaboksi kufungua ni kazi ya siku nzima na gharama yake si mchezo. Kasha la mkanda linafunguka kwa boliti chache. Kwa hiyo tutaanzia nje, na giaboksi tutaigusa pale tu dalili zinapotupeleka huko.

Jua kwanza una otomatiki ya aina gani

Polaris, Can-Am, CFMOTO, Suzuki KingQuad, Kawasaki Brute Force na Yamaha Grizzly zote zinatumia CVT, yaani puli mbili na mkanda mmoja. Puli ya mbele imefungwa kwenye kranki, yaani shafti kuu ya injini. Ina vizito au rola ndani yake, na injini ikiongeza mzunguko vinasukuma bamba la puli lijifunge na kuubana mkanda. Puli ya nyuma iko kwenye shafti inayoingia giaboksi, na springi yake hukubali kufunguka kadiri ya mbele inavyojifunga. Hapo hakuna gia hata moja. Zile H (mwendo wa kawaida), L (mwendo mdogo wenye nguvu), N (huru) na R (kurudi nyuma) unazochagua kwa mkono ziko mbele zaidi, ndani ya giaboksi. Polaris wanatumia mkanda tangu kwadi yao ya kwanza ya 1985, kwa hiyo magonjwa yake yanajulikana vizuri.

Yamaha wana jambo lao. Mkanda wao umekazwa muda wote, na kazi ya kuondoka hufanywa na klachi inayoogelea ndani ya mafuta ya injini. Honda nao kwenye kwadi zao kubwa za otomatiki hawana mkanda kabisa, kwa hiyo mwenye Honda aruke hadi sehemu ya mwisho.

Kabla hujashika spana: injini izimwe na ipoe, ufunguo utolewe, magurudumu yazuiwe yasiviringike. Usiwashe injini kasha likiwa wazi "ili uone tu mkanda unavyokimbia". Mkanda ukikatika kwenye resi hutoka kama mjeledi, na kasha lile limewekwa kukukinga wewe kama linavyoukinga mkanda na vumbi.

Resi inapanda, kwadi haiendi au inasitasita

Hili ndilo linaloongoza kwa malalamiko.

Sababu ya kwanza ni maji. Umevuka mto au umeosha kwa mashine ya presha, na mkanda uliolowa unateleza kwenye puli kama soli ya ndala kwenye vigae. Tafuta kizibo cha kumwagia maji, kiko chini kabisa ya kasha. Kifungue, acha maji yaishe, kirudishe. Weka N au P, washa, kisha pandisha na kushusha resi kwa sekunde 10 hadi 15 bila kuing'ang'aniza juu. Upepo wa puli wenyewe utaukausha mkanda. Ingiza L, ondoka polepole. Ukiteleza bado, rudia. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kubonyeza mafuta hadi mwisho akiwa kwenye gia, akidhani ataulazimisha mkanda ushike. Anachofanya ni kuuchoma.

Kama hakuna maji, sababu inayofuata ni mkanda wenyewe kuchakaa. Toa kasha uutazame. Jinsi ya kuusoma naieleza chini kidogo, maana inastahili sehemu yake.

Ya tatu ni mafuta au grisi kwenye puli. Huenda mtu "alisaidia" kwa kupaka, au sili imeanza kuvuja. Uso wa puli unaogusana na mkanda hautakiwi kilainishi cha aina yoyote. Usafishe kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa kisafi, kisha tafuta mafuta yametoka wapi.

Ya nne ni puli. Springi ya nyuma ikichoka haiubani mkanda vya kutosha, na puli ya mbele iliyojaa vumbi la mpira hunata na kushindwa kujifunga. Sukuma bamba linalotembea kwa mkono: liende na kurudi bila kukwama wala kucheza upande.

Bado haiendi, na mkanda ni mzima? Hapa ndipo giaboksi inapoingia kwenye orodha. Injini ikiwa imezimwa na kasha likiwa wazi, inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara, ingiza H, na uzungushe puli ya nyuma kwa mkono. Magurudumu yazunguke. Weka N, yasifuate. Kama gia moja tu ndiyo haishiki, kagua kebo au fimbo ya gia, kwani mara nyingi imelegea na gia haijaingia hadi mwisho ingawa dashibodi inasema imeingia. Kama hakuna gia hata moja inayozungusha magurudumu, chungulia shafti za magurudumu na propela shafti. Zikiwa nzima, funga kasha, ita fundi wa giaboksi.

Kuusoma mkanda

Mkanda uliokufa huacha ushahidi, na kuutupa bila kuusoma ni kununua kifo cha mkanda unaofuata. Uushike juani, uupindue polepole, utazame pande zote mbili na ndani kwenye meno.

Umepungua upana sawasawa pande zote? Huo umezeeka tu. Pima kwa venia na ulinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kwadi yako. Mara nyingi tofauti kati ya mpya na wa kutupwa ni milimita 1 au 2 tu, ndiyo maana macho peke yake yanadanganya.

Una sehemu moja iliyolika ikawa nyembamba kama kiuno cha nyigu? Hapo puli ya mbele ilikuwa inazunguka wakati mkanda umesimama tuli. Magurudumu yalinasa kwenye tope au yaligota kisiki, dereva akaendelea kubonyeza mafuta. Sekunde chache zinatosha. Mkanda huo utakuwa unagonga, "dufu, dufu, dufu", kila kiuno kinapopita kwenye puli, na hauna dawa.

Pande zinang'aa kama kioo? Umeteleza muda mrefu, kwa unyevu, mafuta au springi dhaifu. Nyuzi zimechomoza kwenye kingo? Puli hazikukaa kwenye mstari mmoja, au uso wa puli una mkwaruzo unaokata. Pitisha kucha juu ya uso huo, kucha huhisi kisichoonekana. Nyufa kwenye mashina ya meno ni joto au umri.

Joto hilo ndilo lililomleta kwangu bwana mmoja akiwa na mkanda wa tatu ndani ya muda mfupi. Yote mitatu ilikuwa na nyufa kwenye mashina ya meno, haina kiuno, haina mafuta. Alishashawishiwa abadilishe puli zote mbili. Nikachomoa paipu ya kuingiza hewa kwenye kasha, nikapitisha waya. Zikatoka nyasi kavu, halafu vipande vya sponji ya njano. Nikaitambua ile sponji. Tukainua kiti, kweli, chini yake kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Panya alikuwa ametoa godoro kwenye kiti akajenga kwenye paipu. Puli zilikuwa nzima. Tangu siku hiyo sifungi mkanda mpya kabla sijapuliza paipu zote mbili, ya hewa kuingia na ya hewa kutoka.

Kubadilisha mkanda bila kuua wa pili

Puli ya nyuma hufunguliwa kwa kifaa chake au boliti maalumu iliyokuja na kwadi. Bisibisi haina kazi hapo, maana mkwaruzo mmoja kwenye uso wa puli utakula mkanda kila siku. Kama mkanda una mshale, uelekee upande inakozunguka injini. Kama unaurudisha wa zamani, uweke alama kabla ya kuutoa ili uzunguke upande ule ule uliouzoea.

Kama wa zamani ulikatika, usikimbilie kufunga mpya. Mikanda hii ina nyuzi ngumu ndani, na zikikatika hujisokota nyuma ya puli ya mbele, kwenye shingo ya kranki. Zisipotolewa hukata sili taratibu, na baada ya muda unakuta mafuta ya injini yamemwagikia mkanda mpya. Mulika tochi, vuta kwa koleo nyembamba, toa kila uzi. Safisha pia paipu ya kutolea hewa, huko vipande hupenda kujificha.

Safisha nyuso za puli, osha mkanda mpya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke kabisa. Ukishauweka, zungusha puli ya nyuma kwa mkono hadi mkanda upande juu kwenye kingo zake, ndipo ufunge kasha. Kilomita 50 za mwanzo nenda kistaarabu: hakuna mafuta hadi mwisho, hakuna kuvuta mzigo.

Harufu ya mpira unaoungua

Hapa mshitakiwa wa kwanza ni dereva, naomba radhi. Watu wengi huacha H siku nzima kwa sababu L "inapiga kelele". Ukienda mwendo wa kutembea kwa miguu, ukipanda mlima mkali, ukivuta mzigo au ukiwa kwenye tope, tumia L. Baadhi ya watengenezaji wanaweka mpaka kwenye kilomita 11 hivi kwa saa: chini ya hapo kwa muda mrefu, ni L. Ukiwa H kwenye mwendo huo, puli ya mbele inaushika mkanda nusu nusu na kuusugua.

Ukinusa harufu, simama. Acha injini kwenye silensa (iunguruma tu bila kubonyeza mafuta), N, dakika kadhaa, ili upepo wa puli upooze kasha. Kama harufu inarudi hata kwenye L na njia tambarare, kagua paipu za hewa, kisha breki zinazoshika bila kukanyagwa, kisha matairi kama yamebadilishwa kuwa makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi kubwa ni mzigo wa kudumu kwenye mkanda.

Gia ngumu kuingia, au inagonga "kaa!"

Jaribu kitu kimoja kwanza: zima injini, kwadi iwe tambarare, uisukume mbele na nyuma kidogo huku ukibadilisha gia. Ikiingia vizuri ikiwa imezimwa lakini inagonga ikiwashwa, basi shafti ya kuingia giaboksi inazungushwa wakati inapaswa kusimama. Ikigoma hata ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye kebo, fimbo au ndani ya giaboksi.

Kwa ile inayogonga ikiwa imewashwa, angalia silensa. Ikiwa juu, puli ya mbele inaanza kushika kabla hujaiomba, na kwadi hujivuta yenyewe. Kwadi nyingi hutulia kati ya mizunguko 1,100 na 1,400 kwa dakika. Kitabu chako kina namba yake. Ikiwa silensa iko sawa, basi puli ya mbele haiuachii mkanda kwa sababu ya vumbi au bushi zilizolika, au mkanda si wa saizi yake. Kwenye Yamaha, fikiria klachi ya ndani ya mafuta: mafuta ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huiharibu. Tumia ya pikipiki yenye alama ya JASO MA.

Na usibadilishe gia kwadi ikitembea. Kutoka H kwenda R kabla haijasimama kunakata pembe za meno ya gia, na hilo halirekebishwi kwa kuseti kebo. R ikigoma kabisa, kanyaga breki kwanza. Kwenye kwadi nyingi bila breki haiingii, kwa makusudi.

Kasi haifiki ilipokuwa zamani

Tazama kipima mizunguko. Kabla ya yote, hakikisha hauko L. Nacheka, lakini imeshatokea zaidi ya mara moja.

Injini ikilia juu sana huku mwendo ni mdogo, mkanda umepungua upana au puli ya mbele haifiki mwisho, mara nyingi kwa sababu rola zimelika upande mmoja na kuwa bapa. Injini ikilia chini, nzito, kama imebeba kitu, basi puli ya nyuma haifungi tena sawasawa, au injini yenyewe haina nguvu na mkanda unasingiziwa.

Kuna kipimo cha bure. Toa kasha, chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari kwenye uso wa puli ya mbele kutoka katikati hadi ukingoni. Funga kasha, nenda mahali peupe, fikia kasi yako ya juu mara moja, rudi. Fungua uangalie wino. Mkanda umeufuta kila ulipopita. Kama sentimita ya mwisho karibu na ukingo bado ina wino, mkanda haupandi hadi juu, na sasa unajua ni puli ya kushughulikia. Kama wino umefutika wote, acha mkanda, nenda ukaangalie chujio la hewa, plagi na mafuta.

Kufungua puli ya mbele hadi kwenye vizito na rola si kazi ya kila mtu. Ndani kuna springi iliyobanwa, na kifuniko kikitoka bila kifaa cha kuishikilia huruka usoni. Puli nyingi hutoka kwa pula yake maalumu (kifaa cha kuivuta itoke), na hurudishwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu. Huna pula, usijaribu kwa nyundo, utapinda kranki.

Taa imewaka na injini inakataa kupanda

Kwenye baadhi ya Kawasaki, taa ya mkanda huwaka kila baada ya saa 100 za kazi kukukumbusha ukaguzi. Kagua, kisha uizime kwa utaratibu wa kitabu. Lakini taa ikiwaka na injini ikajizuia kupanda resi, swichi iliyo ndani ya kasha imeguswa na mkanda uliolegea au unaochanika. Usiendelee. Kwadi nyingine zikijizuia, pima betri kwanza, halafu soketi za waya kwenye sensa ya gia, ambazo hupenda kuingia maji.

Sauti na mafuta

Mluzi wakati wa kuondoka ni mkanda uliong'aa. Kugongagonga kwenye silensa kunakotoweka ukiongeza resi ni bushi au rola za puli ya mbele. "Krak-krak" wakati wa kukata kona si habari ya gia kabisa, ni CV jointi, kile kiungo cha shafti ya gurudumu.

Mngurumo unaokua na mwendo, na kubaki vilevile hata ukiachia mafuta, ni beringi. Mwaga mafuta ya giaboksi uangalie sumaku ya kizibo. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, na hapo kwadi isitembee tena hadi ifunguliwe. Mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia paipu ya kupumulia au sili. Yabadilishe, endesha kidogo, yabadilishe tena, na usiiache kwadi ilale na maji ndani, kwani kutu ya beringi haisubiri.

Mafuta ndani ya kasha la mkanda yana milango miwili: sili ya kranki nyuma ya puli ya mbele, au sili ya shafti nyuma ya puli ya nyuma. Tazama ni puli ipi imelowa shingoni.

Kwa wenye Honda

Rincon ina gia 3 na toki konvata (kiunganishi cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi) kama gari. Rubicon za 2001 hadi 2014 zinaendeshwa na presha ya mafuta, na za otomatiki za tangu 2015 zina klachi mbili na gia 5 zinazobadilishwa na kompyuta. Kwa zote, anza na kiwango na aina ya mafuta. Ule mfumo wa presha ya mafuta usifungue nyumbani hata kama una vifaa vyote; uchafu mdogo tu ndani yake ni hasara kubwa.

Kwenye zile zinazobadilisha gia kwa umeme, vistari vikimweka mahali pa namba ya gia, pima betri kabla ya lolote. Mota ya gia inakula umeme mwingi, na betri iliyochoka huwasha injini vizuri lakini ikashindwa kusukuma gia. Betri ikiwa nzima, angalia waya na soketi za mota na za sensa ya pembe (inayosoma shafti ya gia imegeuka kiasi gani), hasa kama umetoka kwenye maji. Isipopona, usizime ufunguo haraka: hesabu mimweko, mirefu na mifupi, uiandike, kwa sababu ndilo swali la kwanza fundi atakalokuuliza.